Pano juu ya paa, giza ndani ya nyumba: umeme wetu unapotelea wapi?

Tarehe 27 na 28 Januari 2025, marais na wakubwa wa serikali za Afrika walikutana Dar es Salaam kuzungumza juu ya umeme. Mpango wao unaitwa Mission 300. Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wanataka watu milioni 300 wa Afrika wapate umeme ifikapo mwaka 2030. Congo yetu nayo iliweka ahadi yake: kutoka watu kama 20 wenye umeme kwa kila 100, kufikia 62 kwa 100. Siku zile zile, M23 walikuwa wanaingia Goma.

Mkaaji wa Nyangwe akisikia ahadi kama hiyo redioni, hashangilii sana. Vijijini mwa Congo, mwenye umeme ni kama mtu 1 tu kwa 100. Laini ya SNEL haitafika Nyangwe kesho wala kesho kutwa. Umeme tunaoujua huku Kasongo na Kabambare ni wa grupu, ile jenereta ya esanse, na wa pano ya jua. Esanse inatoka mbali, na mvua ikiharibu barabara bei inapanda. Ndiyo sababu pano zinaongezeka juu ya mapaa: kwenye duka, kwenye kanisa, kwenye msikiti, kwenye nyumba ya mwalimu.

Lakini kuna malalamiko yanayorudi kila mara. Pano iko, jua liko, na bado saa nne za usiku taa inazima. Batiri iliyonunuliwa kwa feza nyingi inakufa kabla ya mwaka wa pili. Watu wanasema pano ni mbovu, au jua la kwetu ni dogo. Jua halina kosa. Maniema inapata kwa wastani kama saa nne na nusu za jua kali kwa siku, na hiyo inatosha nyumba ya kawaida. Hasara iko katikati, kati ya pano na taa. Hapo ndipo feza ya familia inapotelea, na hapo ndipo tunaweza kuiokoa bila kungoja mtu wa Kinshasa.

Umeme mnyoofu na umeme geu

Kuna umeme wa aina mbili. Umeme wa SNEL na wa grupu ni umeme geu: unabadilisha mwelekeo mara nyingi ndani ya sekunde moja, mbele na nyuma. Umeme wa batiri ni umeme mnyoofu: unatoka upande mmoja na kwenda upande mmoja tu, ndiyo maana batiri ina alama ya kujumlisha na ya kutoa.

Sasa angalia vitu vyetu. Pano inatoa umeme mnyoofu. Batiri inaweka umeme mnyoofu. Taa ya LED, simu, redio, kompyuta, televisheni ya kisasa, vyote ndani yake vinatumia umeme mnyoofu. Lakini katika nyumba nyingi, katikati tunaweka konvertisere, ile boksi inayogeuza volti 12 za batiri kuwa volti 220 geu. Halafu tunachomeka chaja ya simu, na kazi ya chaja ni kuzirudisha zile volti 220 geu kuwa volti 5 nyoofu.

Ni kama mtu aliye sokoni Kasongo na mchele wake, mnunuzi amesimama mbele yake, lakini yeye anaupeleka kwanza Kindu, anaurudisha Kasongo, ndipo anamuuzia yule yule. Kila safari gunia linapungua. Konvertisere nzuri inapoteza kama wati 15 kwa 100, na zile za bei ya chini zinapoteza zaidi. Chaja ya bei ya chini inapoteza kama 20 kwa 100. Ukizidisha hesabu, karibu theluthi moja ya umeme haifiki kwenye simu. Imegeuka kuwa joto.

Konvertisere inayokula usiku

Hasara kubwa zaidi haionekani. Konvertisere ikiwashwa tu, hata kama hakuna kitu kilichochomekwa, yenyewe inakula. Zile za kawaida za madukani zinakula kati ya wati 10 na 20. Tufanye hesabu pamoja, kwa kipimo kinachoitwa wati-saa, yaani wati moja kwa saa moja. Ni kipimo tu, kama vile kopo la mchele sokoni.

Tuchukue nyumba moja ya kawaida. Taa 3 za LED za wati 5 kila moja, zikiwaka saa 5: wati-saa 75. Simu 4 zikichajiwa: kama wati-saa 80. Redio ya wati 5 ikiongea saa 10: wati-saa 50. Televisheni ndogo ya volti 12, wati 25, saa 4: wati-saa 100. Jumla ni wati-saa 305 kwa siku.

Konvertisere inayokula wati 15, ikiachwa saa 24: wati-saa 360.

Kumbe ile boksi peke yake inakula kuliko nyumba nzima! Sasa weka batiri. Batiri ya risasi na asidi, ya volti 12 na ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200 ndani yake. Lakini ukitaka idumu, usiishushe kupita nusu. Basi unayo 600 ya kutumia. Toa 360 za konvertisere, inabaki 240. Nyumba inahitaji 305. Ndiyo maana taa inazima kabla watoto hawajamaliza kusoma. Na kwa sababu kila usiku batiri inashushwa kupita mpaka, haifiki mbali, inakufa.

Nyumba ile ile, na pano ile ile, ikitumia taa za volti 12, chaja ya simu ya volti 12 kama ile ya motokari, na televisheni ya volti 12, bila konvertisere, inatumia 305 kati ya 600. Inabaki akiba ya siku ya mawingu. Na asiye na feza ya kubadilisha vitu leo, anaweza kuanza bila kununua kitu: zima konvertisere kila wakati huitumii.

Hatusemi konvertisere ni adui. Fundi wa kuchomelea, mwenye kinu cha mchele, mwenye fotokopi, hospitali yenye mashine nyingi, wote wanahitaji volti 220. Makosa ni kuiweka ikeshe usiku mzima kwa ajili ya taa tatu na simu moja.

Bei ya dukani na bei ya usiku mmoja

Jambo la pili ni batiri yenyewe. Dukani tunalinganisha bei ya leo. Tungelinganisha bei ya usiku mmoja.

Batiri ya risasi tuliyoisema, ikitunzwa, inaweza kutoa nusu yake kwa kama usiku 500. Wati-saa 600 mara 500 ni wati-saa 300,000. Batiri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, ya ampea-saa 100, unaweza kuishusha mpaka karibu kuisha. Inakupa wati-saa 1,000 kila usiku, na inafika usiku 3,000 bila shida ikiwa ni ya kweli. Hiyo ni wati-saa 3,000,000, mara kumi ya ile ya kwanza. Hata kama dukani inauzwa mara tatu ya bei ya risasi, kwa kila usiku wa taa imekuwa rahisi zaidi. Ya risasi inakwisha katika mwaka mmoja na nusu. Hii inafika miaka minane.

Tatizo ni kwamba feza ya mara tatu haipatikani kwa siku moja, na ya uongo ziko nyingi. Njia moja ya kuitambua ni mizani. Batiri ya risasi ya ampea-saa 100 ya kweli inakaribia kilo 30. Ya lithiamu ya kipimo hicho inapita kilo 10. Ukiinua batiri imeandikwa 200 na ni nyepesi kama kuku, hayo maandishi ni rangi tu.

Na batiri ya risasi iliyokufa, usimwachie mtu aiyeyushe nyuma ya nyumba ili apate risasi ya kufunga kwenye nyavu. Moshi na vumbi la risasi vinaingia katika damu ya watoto na kuharibu ubongo wao, na haurudi kama ulivyokuwa.

Friji inayofundisha

Kuna mfano mmoja mzuri ambao uko tayari Congo. Tangu miaka kadhaa, UNICEF na Gavi wameleta katika vituo vya afya vya nchi yetu maelfu ya friji za chanjo zinazotumia jua. Zamani friji ya chanjo ilikuwa ya mafuta ya taa, au ya jua yenye batiri. Batiri ilikuwa ikifa, na chanjo ikiharibika pamoja nayo.

Aina mpya haina konvertisere, wala haina batiri ya kuendesha ubaridi. Umeme mnyoofu wa pano unaingia moja kwa moja katika mota ya friji. Mchana mota inagandisha barafu iliyo katika kuta za friji. Usiku mota inalala, barafu inashika baridi mpaka asubuhi, hata siku kadhaa za mawingu. Waliotengeneza walijiuliza: tunachotaka kuweka ni umeme, au ni baridi? Wakaona kuweka baridi ni rahisi kuliko kuweka umeme.

Swali hilo linaweza kuulizwa kwetu pia. Mwenye pampu ya maji ya jua hahitaji batiri kubwa. Apige maji mchana, ayaweke katika tangi juu. Tangi ndilo batiri yake. Batiri yenyewe ibaki kwa kazi isiyoweza kungoja: taa ya mama anayejifungua usiku, simu ya dharura, redio.

Mahali umeme mnyoofu unaposhindwa

Mtu atauliza: kama umeme mnyoofu ni mzuri hivi, kwa nini dunia nzima inatumia ule mwingine? Jibu ni mwendo. Mwaka 1882 Thomas Edison aliwasha sehemu ya mji wa New York kwa umeme mnyoofu. Lakini ulikuwa wa volti ndogo, na volti ndogo haziendi mbali. Umeme geu unapandishwa volti kwa transfoma, unasafiri, unashushwa tena. Ndivyo ulivyoshinda.

Sisi tunaiona shida ya Edison nyumbani. Chukua vitu vya wati 100 kwa volti 12, na waya mwembamba wa shaba wa milimita 1.5, upeleke nyumba ya jirani mita 30. Karibu volti 6 kati ya 12 zinaishia njiani. Jirani anapata taa nyekundu kama kaa la moto, na watu wanasema pano haina nguvu. Kwa volti 48, waya ule ule unapoteza chini ya volti 2 kati ya 48. Basi sheria ni nyepesi: volti 12 ndani ya nyumba moja, waya mfupi na mnene. Ukitaka kuunganisha nyumba za kando, au shule na kituo cha afya, anza na volti 48. Kwa mji mzima, umeme geu bado una nafasi yake. Kampuni ya Nuru iliwasha mtandao wa jua Beni mwaka 2017, na mwezi wa pili 2020 ikawasha mwingine wa megawati 1.3 huko Goma. Mwaka 2023 ilipata dola milioni 40 za kujenga zaidi Goma, Bunia na Kindu. Ni habari njema kwa Kindu. Lakini hata Kindu ikiwaka yote, Nyangwe haijawaka.

Na umeme mnyoofu wa volti kubwa sana unaweza kwenda mbali kuliko wote. Congo inajua. Laini ya Inga mpaka Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni ya umeme mnyoofu. Wakati wake ilikuwa ndefu kuliko zote duniani. Ilijengwa kupeleka umeme kwenye migodi ya shaba, ikapita juu ya vijiji vingi bila kuwasha hata taa moja, kwa sababu kuchota umeme katikati ya laini kama hiyo kunadai mitambo ya bei kubwa sana. Fundi anaweza kuchagua njia iliyo sawa kabisa kwa kazi aliyopewa. Shida inaanza pale ambapo kazi yenyewe haikuwa kwa ajili yako.

Na usalama: volti 12 haitakuua ukiigusa, lakini batiri ikigusana waya kwa waya inawasha moto ndani ya sekunde. Weka fyuzi karibu na batiri, siyo kwenye ukuta wa mbali.

Moto ya umeme itafika lini?

Vijana wenye moto wanauliza swali lingine. Wanaona kwenye simu zao moto za umeme za Kigali. Ni kweli. Kampuni kama Ampersand zilianza huko mwaka 2019, na tangu Januari 2025 moto mpya ya teksi katika mji wa Kigali haiandikishwi ikiwa ni ya esanse. Dereva hangoji batiri ijae. Anafika kituoni, anaacha tupu, anabeba iliyojaa, anaendelea. Batiri si yake, ni ya kampuni.

Hesabu ya kwetu iko hivi. Batiri ya moto ya kazi inabeba kama wati-saa 2,900, na inakwenda kilomita 70 hadi 80 kwenye lami. Ili kuijaza kila siku kwa jua, unahitaji pano tatu za wati 300. Kwa kijana anayezunguka ndani ya mji wa Kasongo, soko, hospitali, shule, hiyo inatosha siku, na esanse anaisahau. Lakini kutoka Kasongo mpaka Nyangwe si chini ya kilomita 50, na haziko za lami. Ukiongeza matope, mchanga, abiria wawili na mzigo, atafika, lakini hatarudi. Kabambare inapita kilomita 100. Bila kituo cha kubadilisha batiri njiani, moto hiyo italala porini.

Kwa hiyo moto ya umeme kwetu itaanza mjini, na itaanza na chama, siyo na mtu mmoja. Wenye moto kumi wakikubaliana moto za aina moja na batiri za aina moja, wanaweza kuwa na pano zao na batiri za ziada. Kila mmoja akinunua aina yake, hakuna atakayemsaidia mwenzake. Waangalie pia chaja: nyingi zinazouzwa na moto hizo zinadai volti 220, na hapo tunarudia safari ile ile ya kwenda Kindu na kurudi. Viko vyombo vya kuchaji kutoka pano moja kwa moja, ila lazima volti zake zilingane na batiri.

Madini ya mto wetu

Mto Lualaba unapita karibu na Kolwezi kabla ya kufika Nyangwe. Kule juu ya mto inatoka sehemu kubwa ya kobalti ya Congo, na Congo inatoa zaidi ya 70 kwa 100 ya kobalti ya dunia. Mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu bei ilianguka sana, na tangu Oktoba inauza kwa vipimo vilivyowekwa. Wengi wanadhani siku moja kobalti itatuletea batiri za bei nafuu.

Lakini ile batiri ya chuma na fosfeti tuliyosema inafaa nyumba zetu haina kobalti hata kidogo. Ina lithiamu, na lithiamu nyingi iko Manono, kusini mwetu katika Tanganyika, bado inagombaniwa mahakamani. Mwaka 2022 Congo na Zambia zilitia sahihi makubaliano ya kutengeneza pamoja bidhaa za batiri. Batiri za madukani mwetu bado zinatoka ng'ambo. Anayengoja batiri ya Congo ndipo awashe taa atangoja sana.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupiga makofi

Miaka hii, deputi, ONG au kanisa wanaweza kufika na pano za kituo cha afya au shule. Kamati ipokee kwa shukrani, na iulize palepale. Batiri ni ya aina gani, na ina uzito gani? Taa ni za volti ngapi, na konvertisere ni ya kazi gani hasa? Nani hapa kijijini amefundishwa kubadilisha fyuzi na kupanguza pano? Batiri ikifa, nyingine itatoka wapi?

Swali la mwisho ndilo linaloua miradi mingi. Mahali pa kuchaji simu penye wateja 20 kwa siku panaweza kulipia batiri mpya kabla ya ile ya kwanza kufa, ikiwa kila jioni sehemu ya zile franga inawekwa pembeni, katika daftari linalosomwa mbele ya watu. Kwa batiri ya risasi, kamati ina miezi 18 ya kukusanya. Kwa ya lithiamu ina miaka minane. Siku ya kuanza ni ile ile taa ya kwanza inapowaka, na mwenye kushika daftari achaguliwe kabla ya fundi kushuka kutoka juu ya paa.